Mteremko wa Soni: uchambuzi wa breki zilizogoma siku ya mvua

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, kwenye barabara inayoshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, nami nilikuwa abiria wa kiti cha mbele. Aliyeshika usukani ni mpwa wangu, kijana wa miaka 27 aliyejifunzia udereva Dar es Salaam na kuendesha huko kwa miaka minne bila kugusa gari la mtu. Nyuma walikaa mama yake, ambaye ni dada yangu, pamoja na mzee mmoja wa ukoo na mkewe; sote tulikuwa tunatoka kwenye arobaini ya marehemu wetu. Hakuna aliyeumia, na gari lilipoteza bampa ya mbele na rimu moja tu. Kila aliyesimuliwa habari hiyo alitoa sababu moja: mvua. Mimi mwenyewe kwa siku nzima nilijibu hivyo hivyo, mpaka fundi alipoyafungua magurudumu ya mbele pale Mombo, ndipo nikaanza kuipanga upya safari yetu kona kwa kona na kuona kwamba mvua imebebeshwa mzigo ambao kwa sehemu kubwa si wake.

Asiyeijua barabara hiyo anahitaji kwanza kuipata picha yake. Lushoto iko kwenye milima ya Usambara Magharibi, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini kabisa, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, mahali ambapo mwinuko ni kama mita 400. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 30 na kitu za lami nyembamba, upande mmoja umechongwa kwenye mwamba na upande wa pili ni bonde. Kutoka Lushoto hadi Soni barabara inapanda na kushuka kwa kiasi cha kuvumilika. Mteremko wenyewe unaanza baada ya Soni, na ukishaanza hauna mahali pa maana pa kupumzikia mpaka uione tambarare. Wenyeji hupiga honi kabla ya kona isiyoonekana ng'ambo, na dereva anayeshuka humpisha anayepanda na mzigo, kwa kuwa aliyesimamishwa katikati ya mlima hupata taabu kuondoka tena.

Gari lilikuwa Toyota Spacio ya otomatiki, lililoletwa kutoka Japani likiwa limetumika, kama yalivyo mengi katika barabara zetu. Tulikuwa watu wazima watano, na nyuma kulikuwa na gunia la viazi mviringo, kabichi zisizopungua kumi na mfuko wa karoti, kwa sababu hakuna anayetoka Lushoto mikono mitupu. Kwa makadirio yangu gari zima na vilivyomo lilifika kilo 1,600. Asubuhi mpwa wangu alikuwa amekagua oili, maji ya rejeta na tairi la spea, na katika kopo la mafuta ya breki alitazama kama kiwango kimefika mstari, kikawa kimefika. Alitazama kiwango, hakutazama rangi. Upepo wa matairi hakuupima, ingawa kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaonyesha upepo unaotakiwa.

Tuliondoka saa kumi na nusu jioni. Mvua ilikuwa ya rasharasha na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa miti, na kosa la kwanza lilitokea kabla hatujatoka mjini, tena lilisababishwa na sisi abiria. Dada yangu alilalamika baridi, kiyoyozi kikazimwa, na ndani ya dakika chache pumzi za watu watano na nguo zilizolowa zikakipiga mvuke kioo cha mbele. Mpwa wangu akawa anakifuta kwa kiganja huku anaendesha, akikiachia michirizi ambayo kila taa ya mbele iliigeuza kuwa mng'ao. Watu wengi hudhani kiyoyozi ni cha joto tu, ilhali kazi yake nyingine ni kukausha hewa, na kinaweza kuwashwa pamoja na hewa ya moto: upepo unaelekezwa kwenye kioo, baridi haingii, na kioo kinakuwa safi. Nilimweleza, akafanya hivyo, na kioo kikatakata kabla hatujafika mbali.

Katika ukungu aliwasha taa kubwa, akaona mbele yake pazia jeupe, akazirudisha chini mwenyewe bila kuambiwa. Hapo alifanya vema, kwa kuwa chembe za maji huurudisha mwanga wa taa kubwa machoni mwa dereva. Aliwasha pia taa zote nne za dharura huku gari likitembea, jambo ambalo madereva wetu wengi huliona kuwa ustaarabu. Nililipinga na bado nalipinga, kwa sababu katika magari ya aina hiyo taa hizo zikiwaka anayefuata nyuma hawezi kujua kama unakata kona, unasimama au umeharibikiwa.

Kwa upande wa mwendo, sina lawama kubwa kwa sehemu hiyo ya safari. Tulikuwa tunaona kama mita 40 mbele, naye alikwenda kilomita 40 kwa saa, wakati mwingine chini ya hapo. Hesabu inamuunga mkono: kwa mwendo huo gari hupita mita 11 kila sekunde, dereva hutumia sekunde moja na nusu hivi kuona hatari na kuhamisha mguu, na lami iliyolowa huhitaji mita 16 hadi 20 nyingine za kusimama kwenye mteremko, yaani kwa jumla chini kidogo ya zile mita 40 alizokuwa anaziona. Angekwenda 60 angehitaji karibu mita 70, na angekuwa anaendesha kwa imani.

Tulipopita Soni ukungu ulibaki juu yetu, ila mvua ikaongezeka. Katika sehemu kadhaa maji yalikuwa yametoka kwenye mtaro na kuleta udongo mwekundu juu ya lami, na dereva aliyezoea Dar es Salaam huenda akauona udongo huo kama uchafu tu. Ukilowa unateleza kama sabuni. Ukiufikia, mwendo uwe umeshapungua tayari, usukani umenyooka na mguu haumo kwenye breki wala haukanyagi mafuta kwa nguvu, kwa kuwa tairi lina kiasi fulani tu cha kushika ardhi, na ukilitaka lisimamishe gari na kulikunja kwa wakati mmoja juu ya tope, huweza kukataa yote mawili. Mpwa wangu alipunguza mwendo kwa kila tope, na hapo ndipo kisa chenyewe kinapojificha, kwa sababu kila mara alipunguza kwa njia moja tu, nayo ni kukanyaga breki. Kipini cha gia kilikuwa kwenye D, ile nafasi ya kawaida ya kwenda mbele ambapo gari hujichagulia gia lenyewe, tangu Lushoto.

Nilihesabu baadaye, kwa kukumbuka tu, kwamba katika kilomita kumi za kwanza baada ya Soni mguu wake haukuachana na pedali kwa zaidi ya sekunde tano mfululizo. Mvua ilimtia hofu, hofu ikamfanya apunguze, na gari lililo kwenye D lenye mzigo ule likawa linaongeza mwendo kila alipoachia. Kutoka nje angeonekana dereva mwangalifu kuliko wote walioshuka jioni ile. Lori moja la Fuso lililobeba mbao lilitukuta kwenye kona likipanda, tukalipisha, na wakati tumesimama niliisikia harufu, kali kidogo, kama ya kitambaa kilichogusa pasi ya moto. Nilidhani ni klachi ya lile Fuso. Tulipoondoka harufu ilikuja nasi, na hapo nilijua, lakini sikusema. Nilikuwa nimeshamsahihisha mara mbili mbele ya mama yake na mbele ya mzee, na nikaona aibu ya tatu ingekuwa nyingi kwa kijana aliyekuwa anajitahidi. Kama kuna mtu anayestahili kubeba sehemu ya kisa hiki, mimi ni mmojawapo.

Zilibaki kama kilomita nne kufika Mombo. Aliposogelea kona inayokunja kushoto alikanyaga, na pedali ikazama karibu mpaka kwenye zulia. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Mjomba, breki hazishiki." Mwendo ulikuwa 50 na unapanda. Kutoka nyuma zikatoka amri mbili kwa pamoja: dada yangu akasema, "Zima gari, mwanangu!" na mzee akasema, "Vuta hendibreki!" Mimi nikamwambia aweke gia ya mbili na aipampu pedali, yaani aikanyage na kuiachia haraka haraka. Alivuta kipini mpaka kwenye 2, injini ikanguruma, gari likashikwa kama lililovutwa kamba kwa nyuma, na kona tukaipita tukiwa tumetanuka hadi upande usio wetu, ambao kwa bahati haukuwa na mtu. Baada ya kupampu mara tano au sita pedali ilipanda kidogo, akapata breki ya nusu, akateremsha mpaka L, gia ya chini kabisa, mwendo ulipofika 30, kisha akaliegemeza gari taratibu kwenye mtaro wa upande wa mwamba. Gurudumu la kushoto liliingia mtaroni, rimu ikagonga kingo ya zege, bampa ikabaki kwenye jiwe, tukasimama.

Tuanze na zile amri mbili, kwa kuwa zimo vinywani mwa abiria wengi. Ukizima injini gari likiwa linatembea, kile kinachousaidia mguu wako kusukuma breki hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu tu, usukani unakuwa mzito ghafla, na ukikosea ukauchomoa ufunguo unaweza kuufunga usukani wenyewe. Zaidi ya hayo, unaipoteza injini, ambayo pale ndiyo iliyokuwa breki pekee inayofanya kazi. Kuvuta hendibreki kwa mkupuo kwenye lami iliyolowa, katikati ya kona, huyafunga magurudumu ya nyuma, na gari huzunguka kama pia. Hendibreki inafaa ikivutwa kidogo kidogo, kidole kikibonyeza kitufe chake muda wote ili iweze kuachiwa papo hapo, tena mahali barabara imenyooka. Mzee alikuwa na wazo lenye chembe ya ukweli na mahali pasipo pake.

Kuhusu kupampu, upo mkanganyiko unaostahili kuondolewa. Gari lenye mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasifungwe na breki, likiteleza, mtu hukanyaga kwa nguvu na kubaki hapo hapo, pedali itatetemeka na mfumo utafanya kazi yake, anayepampu anauharibia. Lakini pedali inapozama kwa sababu ya joto hilo ni tatizo jingine, na kupampu kunaweza kurudisha msukumo kwa kiasi, liwe gari la ABS au lisiwe.

Sasa joto lenyewe lilitoka wapi, na mvua ile yote inanyesha? Gari la kilo 1,600 likishuka mita 1,000 linaachia nguvu ambayo lazima iishie mahali. Hata tukitoa sehemu inayomezwa na matairi na hewa, kinachobaki, kwa hesabu ya makadirio, kinatosha kuchemsha dumu la maji la lita 20 kutoka ubaridi wa kawaida. Anayeshuka kwa D na mguu kwenye pedali anaumimina karibu moto huo wote katika diski mbili ndogo za mbele na ngoma mbili za nyuma. Mvua huzilowesha diski kwa nje, lakini haiwezi kushindana na msuguano usiokatika. Breki hupoa zinapoachiwa, na zetu hazikuachiwa.

Diski zikipata moto kupita kiasi mambo mawili hutokea. Pedi, vile vibao vinavyobana diski, hupoteza uwezo wa kuuma, zikateleza juu ya diski kama zilizopakwa nta. Hapo pedali hubaki ngumu lakini gari halisimami. La pili ndilo lililotupata sisi: mafuta ya breki yanachemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, hata kopo likiwa limefungwa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu wa kutosha kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mapovu, mapovu hubinyika, na mguu wako unabinya mvuke badala ya kusukuma pedi. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na ndiyo sababu kiwango kilichofika mstari hakisemi lolote. Yaliyomo katika kopo letu yalikuwa na rangi ya kahawa iliyolala, wakati mapya huwa kama chai ya rangi iliyokosa majani.

Kilichokosekana ni kushika gari kwa gia. Madereva wa malori na mabasi wanaijua kazi hiyo kuliko sisi wa magari madogo, na kanuni yao ni kwamba gia unayoihitaji kushukia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza. Otomatiki imewafanya wengi waamini kwamba gari litachagua lenyewe, na kwenye tambarare huchagua. Kwenye mteremko halijui nia yako, nalo likiona hukanyagi mafuta hupanda gia ya juu. Kipini cha Spacio kina 2 na L, na ubavuni kina kitufe kidogo kinachozuia gia ya nne. Ukikibonyeza, taa ya rangi ya chungwa yenye maandishi O/D OFF huwaka kwenye dashibodi, na nimewaona watu wakiizima haraka wakidhani gari linawaonya ubovu. Kwa mteremko wa Soni ilitakiwa kipini kikae kwenye 2 tangu mwanzo, na kwenye kona kali zaidi kiende L baada ya mwendo kupungua. Injini ingenguruma, sindano ingepanda hadi mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika, na hakuna kitakachopasuka maadamu haijafika eneo jekundu. Breki ingebaki kwa kazi ya kukanyagwa kwa uthabiti, mwendo upungue, kisha mguu utoke zipoe.

Hapa niseme neno juu ya wale wanaokwenda mbali zaidi na kuweka gari free, yaani bila gia yoyote, wakishuka ili kuokoa mafuta. Injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu umeachia, ilhali ukiweka free injini inaendelea kunywa ili isizimike. Dereva huyo hapati hata ile senti aliyohatarishia watu.

Je, mvua haikuwa na hatia kabisa? Ilikuwa nayo, lakini ya aina nyingine. Ilificha dalili: vioo vilikuwa vimefungwa, kelele ya maji ilizima mlio wa pedi, na harufu ambayo siku kavu ingemfikia dereva mapema ilichanganyika na harufu ya nguo mbichi. Pia ilimpa sababu halali ya kukanyaga breki kila baada ya mita chache, kiasi kwamba hakuna aliyeona ajabu. Matairi ya nyuma, yaliyobakiwa na mifereji ya milimita 2 hivi, nayo yalikuwa karibu kuwa tatizo. Kwa mwendo wetu hayakuleta madhara, lakini kwenye tambarare ya Korogwe, kwa mwendo wa 90 juu ya maji yaliyotuama, yangeweza kuelea, na gari linaloelea halina breki wala usukani mpaka lishuke lenyewe.

Baada ya kusimama tulikaribia kufanya makosa mengine. Abiria wote walitaka kubaki ndani kwa sababu ya mvua, na ilibidi niwashushe na kuwapandisha juu ya kingo, mbele na pembeni ya gari, kwani gari lolote lililofuata lingetugonga kwa nyuma. Mpwa wangu alirudi juu na pembetatu ya tahadhari, akaiweka kabla ya kona na si baada yake, na kijana mmoja wa bodaboda akatukatia matawi na kuyapanga barabarani, alama ambayo kila dereva wa nchi hii anaisoma. Kijana huyo huyo alileta ndoo ya maji akitaka kuyamwagia magurudumu yaliyokuwa yakifuka, nikamzuia: diski iliyopata moto kiasi kile ikimwagiwa maji ya baridi kwa ghafla hupinda au kupasuka. Tuliyaacha yapoe yenyewe kwa karibu saa nzima, hendibreki ikiwa imeachiwa, kigingi cha jiwe nyuma na mbele ya tairi.

Gari lilivutwa hadi Mombo usiku ule, nasi wengine tukaondoka na basi. Kesho yake fundi alikuta pedi zilizong'aa kama kioo na diski zenye mabaka ya bluu. Alibadilisha pedi na diski, akayatoa mafuta yote ya zamani na kuweka mapya, akanyoosha rimu. Mpwa wangu alirudi kulichukua siku ya tatu, na badala ya kushika njia ya Dar es Salaam alipanda hadi Soni na gunia tatu za viazi alizoazima sokoni, akageuza na kushuka, kipini kikiwa kwenye 2. Jioni alinipigia simu. Alikuwa amehesabu: katika mteremko mzima alikanyaga breki mara 22, na alipofika Mombo alishuka, akasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele, akakuta ni ya vuguvugu. Nikamuuliza hali ya hewa ilikuwaje. "Mvua, Mjomba," akasema. "Kubwa kuliko ile ya juzi."